Gramu Mia Tatu za Pishori

Daktari Omwenga ana kalamu ya bluu
na haandiki nayo karatasini.
Ananichora mimi, nimesimama, mikono kiunoni,
dirisha la ghorofa ya sita likitazama Upper Hill
na korongo mmoja juu ya paa,
kifuko chake kikining'inia shingoni
bila haya, bila miadi.

"Njia ni mbili," anasema.
"Ya kwanza, naingiza vifuko peke yake.
Mkato mdogo, chini, hutauona.
Matiti yatajaa, ila chuchu zitabaki zikitazama sakafu.
Ya pili, naingiza, kisha nainua.
Nakata kuizunguka chuchu, nashuka, napinda huku na huku.
Kovu lake lina umbo la nanga."
Anasubiri niulize bei.
Nauliza uzi.

"Uzi gani?"
"Wa kushonea."
Anacheka. Hajui ni miaka kumi na tisa
niko Mtaa wa Biashara nikipunguza viuno vya mabibi harusi,
nikificha mimba ya miezi minne
kwa mkunjo mmoja wa satini.
Foronya ikilegea, ukiongeza pamba
unapata mto mzito. Hupati mto uliosimama.
Hilo nalijua bila digrii.
Ila sijawahi kuwa fundi na kitambaa
siku moja.

Mutanu alinyonya miezi ishirini na miwili.
Musembi ishirini, kwa meno.
Wa tatu hakunyonya.
Maziwa yalikuja hata hivyo, siku sita,
nikayakamulia kwenye sinki
bomba likiwa wazi, nisisikie.
Hayo sikumwambia daktari.
Fomu yake ina nafasi ya mizio
na nafasi ya sigara.

Kerubo wa duka la vifungo anasema weka vifuko, basi,
makovu ya nini,
mwanamke una miaka arobaini na minne, nani atakukagua?
Baba Mutanu huendesha lori hadi Malaba na ng'ambo,
hurudi wiki ya tatu, taa imezimwa.
Nilipomwuliza alisema, "Mimi sina neno,"
na kweli hakuwa nalo, hata moja.

Jumapili nikafunga mlango wa chumbani, South B.
Nikapima mchele kwenye mizani ya jikoni,
gramu mia tatu, mara mbili,
nikaumimina kwenye soksi za nailoni, nikapiga mafundo,
nikazitia ndani ya sindiria.
Kioo kikasema yamejaa, naam.
Yamejaa kule kule chini.
Nikakaza kamba, nikaweka pini mbili:
yakapanda, na mabega yakalalamika
kabla kioo hakijasifu.
Kisha, sijui kwa nini,
nikatoa mchele, nikaacha pini.

Mutanu akaingia. Miaka kumi na saba, hajui kubisha.
Akaona soksi kitandani, akaona pini, akaniona.
Akabonyeza soksi moja kwa kidole.
"Mama, hii ni pishori?"
"Ya Mwea."
"Na bei ilivyopanda?"
Tukacheka mpaka pini moja ikanichoma.
Halafu akanyamaza, akanitazama kifuani, si kwa huruma,
bali kama mtu anayesoma anwani
ya nyumba aliyowahi kuishi.

Jioni tukaupika na njegere.
Musembi alikuta uzi mweusi wa nailoni kwenye sahani,
akauweka kando, akaendelea kula.

Jumatatu nikapiga simu.
"Vifuko peke yake," akauliza mwuguzi, "au vifuko na kuinua?"
"Kuinua."
"Sawa. Na vifuko, ukubwa gani?"
"Vimeliwa."
Kimya. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.
"Na umwambie daktari," nikasema,
"huo uzi nitauona kwanza."